Ndege ndogo za kuongeza kwenye simulatere ya nyumbani: namna ya kujua ile yenye inasema kweli

Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Bunia, Beni na Uvira wanajua zile programu za ordinatere zenye kumuweka mutu kwenye kiti cha piloti. Wengine wanaziita muchezo, wengine wanaziita simulatere. Mutu anachagua kiwanja cha ndege, anawasha moteri, anaruka. Programu inakuja na ndege zake chache. Kisha siku kidogo, anaanza kutafuta zingine: Caravan kama ile alizoea kuona ikishuka Kavumu, Let 410 kama zile zinabeba muzigo kuelekea Shabunda na Walikale, Twin Otter, Porter. Hizo njo tunaita ndege za kuongeza.

Makala hii inaeleza ndege hizo zimetengenezwa namna gani, zinaingia namna gani mu ordinatere, na zaidi ya yote, namna ya kujua kama ndege uliyopata inaruka sawa na ndege ya kweli.

Kuko sababu ya kuangalia jambo hili vizuri. Kwetu mashariki, ndege ndogo si kitu cha kutembea nacho siku ya kupumzika. Pale barabara imekatika kwa matope ao kwa vita, njo inaleta dawa, chumvi, sabuni na watu. Watoto wenye wanakua wakiona hizo ndege wanataka kuzijua, na kwa wengi wao ordinatere njo mulango wa kwanza. Kama ndege ya ordinatere inawafundisha uongo, watabeba uongo huo kichwani kwa miaka. Watu wa Goma, wenye waliona Dornier 228 ikianguka juu ya nyumba za Mapendo tarehe 24/11/2019, hawahitaji kuambiwa kama kuruka si jambo la kuchezea.

Ndege ya kuongeza ni nini?

Ni dosie moja yenye mafaili ndani yake. Unaipakua kwenye intaneti, ao unapewa na rafiki kwenye fulashi, unaiweka mahali programu inaitafuta, na ndege inatokea kwenye liste. Ukifungua dosie hiyo, utakuta vitu vya aina nne.

Ya kwanza ni umbo la inje: mabawa, magurudumu, rangi, herufi za usajili. Ya pili ni chumba cha piloti na vyombo vyake. Ya tatu ni sauti. Ya ine ni mahesabu ya kuruka, ni kusema namba zenye kuambia programu uzito wa ndege, ukubwa wa mabawa, nguvu ya moteri, na namna hewa inabeba ndege ao inaivuta nyuma.

Vitu vitatu vya kwanza vinaonekana na kusikilika. Cha ine hakionekani. Njo maana mutu anaweza kudanganyika kwa urahisi: anaona picha nzuri, kioo chenye vumbi, kiti chenye kimepasuka kidogo, anasema "hii ni Caravan kabisa". Kumbe ndani yake kuko namba za ndege ingine zenye mutu alikopi haraka haraka.

Programu tatu, na ile yenye inafaa kwetu

Programu zenye watu wanatumia zaidi nyumbani ni tatu.

*FlightGear* ni ya bure. Kazi yake ilianza mu miaka ya 1996 na 1997, na watu wa kujitolea wa inchi mbalimbali wanaiendeleza mpaka leo. Kila mutu ana ruhusa ya kuitumia, kuikopi na kuibadilisha. Inakuja na Cessna 172P, na mamia ya ndege zingine zinapatikana bila kulipa, kati yao Twin Otter na Beaver. Picha za ardhi zinashuka zenyewe kufuatana na mahali unaruka, kisha zinabakia mu ordinatere. Ukirudia njia ile ile kesho, hauhitaji tena koneksyo. Kwa mutu mwenye ananunua megabite kidogo kidogo, hiyo ni faida kubwa.

*X-Plane* ni ya kulipa, lakini iko na sehemu ya kujaribu bure. Inatengenezwa na kampuni Laminar Research ya Marekani, yenye ilianzishwa na Austin Meyer. Pamoja nayo kunakuja chombo kinaitwa Plane Maker, chenye mutu anaweza kutumia kutengeneza ndege yake mwenyewe.

*Microsoft Flight Simulator* njo iko na picha za kupendeza zaidi. Ile ya mwaka 2020 inaomba nafasi ya gigabaiti karibu 150, na picha nyingi za ardhi zinatoka kwenye intaneti wakati unaruka. Ile ya mwaka 2024 inategemea intaneti zaidi. Caravan iko ndani yake tangu mwanzo wa ile ya 2020, haiombi kununuliwa tena. Lakini mahali kuraa inakuja na kuenda, na koneksyo inahesabiwa kwa mega, ni wachache wenye wanaweza kuitumia vile inapaswa.

Kwa hiyo mu makala hii tutachukua FlightGear kama mufano wa kwanza. Mambo ya kupima yenye tutaeleza ni sawa kwa programu zote tatu.

Kuingiza ndege mu ordinatere

Kwenye FlightGear kuko njia mbili. Ya kwanza: unafungua programu, unaenda kwenye liste ya ndege, unachagua, unabonyeza, inashuka yenyewe. Ya pili ni ya mutu mwenye hana koneksyo nyumbani. Unaenda siber ao kwa rafiki, unapakua faili ya ndege yenye imefungwa, unaibeba kwenye fulashi. Nyumbani unaifungua mu dosie moja, kisha unaambia programu mahali dosie hiyo iko. Angalia kama ndani yake kuko faili yenye jina linamalizika na "-set.xml". Hiyo ikikosa, programu haitaona ndege.

Kwenye X-Plane, dosie ya ndege inawekwa ndani ya ile inaitwa Aircraft, na faili ya ndege inamalizika na ".acf". Kwenye Microsoft Flight Simulator ya 2020, inawekwa ndani ya ile inaitwa Community.

Jambo moja la usalama. Ndege ya kweli ya kuongeza ni dosie ya mafaili. Kama mutu anakuletea ndege ya bei kali "bure", na inaomba kwanza uzime antivirisi ao ufungue programu isiyojulikana, uikatae. Mara mingi ni kopi ya wizi, na virusi viko ndani. Ndege za kulipa zinauzwa toka dola kumi na kitu mpaka kupita dola makumi tano. Yenye bei kali si lazima iwe ya kweli, na ya bure si lazima iwe mubaya.

Alama zenye watengenezaji wanajipa

FlightGear iko na desturi nzuri. Kila ndege inaweza kupewa alama ine, kila moja toka 0 mpaka 5: mahesabu ya kuruka, mifumo (kuraa, mafuta, breki), chumba cha piloti, na umbo la inje. Musomaji mwenye anataka kujifunza aangalie kwanza alama ya mahesabu ya kuruka, kisha ile ya mifumo. Ndege yenye iko na 5 kwa umbo na 1 kwa mahesabu ni picha nzuri tu.

Lakini alama zinatolewa na watu, mara mingi wale wale wenye walitengeneza ndege. Kwa hiyo mutu anapaswa kuweza kupima mwenyewe.

Namna programu inahesabu kuruka

Kuko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya meza za namba. Mutengenezaji anaandika: kwa mwendo huu na pembe hii, bawa linabeba kiasi hiki. Programu inasoma meza na inajua ndege itafanya nini. Kwenye FlightGear njia hii inaitwa JSBSim. Meza zikitoka kwenye vipimo vya ndege ya kweli, matokeo ni mazuri sana. Zikitoka kichwani mwa mutu, matokeo yatafuata kichwa chake.

Njia ya pili inaanza na umbo. Programu inapewa urefu wa mabawa, upana, pembe, mahali moteri iko, kisha inahesabu yenyewe. X-Plane inafanya hivyo: inakata bawa mu vipande vidogo, inahesabu nguvu ya hewa kwa kila kipande, mara nyingi kwa segonde moja. YASim ya FlightGear inafuata pia wazo la kuanza na umbo. Njia hii inasaidia pale hakuna vipimo vya ndege ya kweli, lakini mara mingi inaomba kurekebishwa mpaka namba zikubaliane na kitabu cha ndege.

Mafaili ya JSBSim na YASim ni maandishi ya kawaida. Unaweza kuyafungua na kusoma: uzito wa ndege tupu, ukubwa wa bawa, nguvu ya moteri. Bawa la Cessna 172 ni kama mita 16 za mraba. Ukikuta 25, ujue mutu hakufanya kazi yake.

Kitabu cha ndege njo hakimu

Kila ndege ya kweli iko na kitabu chake, chenye mutengenezaji anaandika na piloti anabeba. Ndani yake kuko mwendo wa kuruka, mwendo usiopaswa kupita, uzito wa mwisho, urefu wa pisti yenye inahitajika. Njo hicho kitahukumu ndege yako ya kuongeza, hapana uzuri wa picha.

Tuchukue Cessna 172, juu njo ndege yenye ilitengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950. Aina ya 172P iko na moteri ya nguvu ya farasi 160 na uzito wa mwisho wa kilo 1,089. Mwendo wake unapimwa kwa noti. Noti moja ni mita 1,852 kwa saa. Hizi njo namba za kitabu chake zenye tutatumia:

- Bila kushusha flapu, na uzito wote, bawa linaacha kubeba karibu na noti 44.
- Flapu zote zikiwa chini, ni karibu na noti 33.
- Mwendo usiopaswa kupita hata siku moja: noti 158.
- Mwendo wa kupanda haraka zaidi, kwenye usawa wa bahari: noti 76.
- Kwa mwendo huo, kwenye usawa wa bahari, inapanda futi 700 kwa dakika.
- Kwenye futi 13,000 karibu haipandi tena.
- Kwenye usawa wa bahari, inatembea kama mita 270 chini mbele ya kuachana na pisti.

Jaribio la kwanza: Muanda

Anza kule bahari iko, Muanda, Kongo ya Kati. Kiwanja chake kiko karibu na usawa wa bahari. Weka uzito wa mwisho na upepo sufuri. Hali ya hewa iwe ile ya kitabu, ni kusema digri 15, hata kama Muanda ya kweli iko na joto zaidi. Ruka, shika noti 76, hesabu kwa saa: kwa dakika moja umepanda futi ngapi? Ukipata kati ya 650 na 750, ndege yako iko muzuri. Ukipata 1,200, umepewa ndege ya ndoto.

Kisha panda mpaka futi 4,000, punguza moteri kabisa, vuta usukani polepole bila kuacha ndege ishuke. Angalia mwendo pale pua inaanguka. Ikiwa karibu na 44, ni sawa. Kama ndege inaendelea kuelea na noti 25, mahesabu yake ni ya uongo. Na huo ni uongo wenye hatari, juu mutoto atazoea kuvuta usukani pale anapaswa kuusukuma mbele.

Jaribio la pili: Goma

Hapa njo sisi wa mashariki tunaweza kupima kitu chenye watu wengi wa Ulaya wenye wanaruka nyumbani hawajisumbue nacho. Kiwanja cha Goma kiko mita 1,550 juu ya bahari, Kavumu iko mita 1,720, Bunia iko kama mita 1,230. Kwenye urefu huo hewa ni nyepesi. Joto linaifanya kuwa nyepesi zaidi.

Fanya hesabu hii. Goma iko kwenye futi kama 5,100. Kwenye urefu huo, kipimo cha kawaida cha joto ni digri 5. Siku ya digri 25, tofauti ni 20. Kwa kila digri moja, mapiloti wanaongeza futi 120. Ishirini mara 120 ni 2,400. Ukiongeza 5,100 unapata 7,500. Ni kusema, saa saba ya muchana, ndege yenye imesimama kwenye pisti ya Goma inajisikia kama iko tayari futi 7,500 juu, kama mita 2,290.

Matokeo ni matatu, na ndege nzuri ya kuongeza inapaswa kuyaonyesha yote.

Moteri ya Cessna 172 inavuta hewa kwa mapafu yake tu, haina turbo. Kwenye hewa ya namna hiyo, inapoteza karibu robo ya nguvu.

Kupanda kunapungua. Toka futi 700 kwa dakika kule Muanda, utabaki na kama 350, nusu tu. Na mbele yako kuko vilima.

Pisti inahitajika ndefu zaidi. Mita 270 zinakuwa mara moja na nusu mpaka karibu mara mbili. Sababu moja ni moteri kuchoka. Ingine ni hii: chombo cha mwendo kikionyesha noti 65, ndege inatembea kweli karibu na noti 73. Piloti anaona namba ile ile ya kila siku, lakini ardhi inapita haraka kuliko kule bahari, na breki zitahitaji mita zaidi wakati wa kushuka.

Weka basi simulatere yako Goma, digri 25, uzito wote, upepo sufuri. Kama ndege inaruka sawa sawa na vile iliruka Muanda, ifute. Haitakufundisha kitu chenye kuhusu kwenu.

Angalia pia pisti yenyewe. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya pisti ya Goma upande wa kaskazini, na kwa miaka mingi ndege zilitumia sehemu yenye ilibakia. Picha za ardhi za simulatere hazifuati kila mara mambo ya namna hii. Vile vile kwenye viwanja vidogo vya ndani: ordinatere inaweza kuonyesha pisti sawa kama meza, pale kwa kweli kuko mteremko, mashimo, mbuzi na watu wenye wanakatisha.

Jaribio la tatu: mafuta na hewa

Kwenye Cessna 172P kuko kifundo chekundu chenye kupunguza mafuta yanayochanganyika na hewa. Kule chini kwenye bahari unakisukuma mpaka mwisho. Lakini hewa ikikuwa nyepesi, mafuta yanazidi, moteri inakohoa na kupoteza nguvu. Kitabu kinasema: kwenye kiwanja chenye kupita futi 3,000, punguza mafuta mbele ya kuruka, mpaka moteri izunguke kwa nguvu yake yote. Viwanja kama Goma, Kavumu na Bunia viko juu ya urefu huo.

Kwenye Goma ya simulatere, funga breki, weka moteri kwa nguvu yote, kisha vuta kifundo hicho polepole. Kwenye ndege nzuri utaona mizunguko ikipanda kidogo, kisha ikishuka. Kwenye ndege mubaya, kifundo kinatembea lakini hakuna kitu kinabadilika. Angalia kwanza mu programu kama haukuacha ile chaguo ya kurekebisha mafuta yenyewe. Kuko ordinatere zenye kukufanyia kazi hiyo bila kukuambia.

Jaribio la ine: muzigo

Cessna 172P tupu inapima karibu kilo 650. Toa hizo kwenye uzito wa mwisho, unabakia na kama kilo 439. Matangi yakijaa, mafuta ni kilo 109. Kunabakia kilo 330: watu wane wa kilo 75, na kilo 30 za vitu. Chombo chochote cha ziada kinapunguza tena. Viti ni vine, lakini ukiweka watu wane wanene na mifuko ya maharagi, umepita.

Ndege nzuri ya kuongeza inakuruhusu kuandika uzito wa kila kiti na wa sehemu ya mizigo. Jaribu: weka mutu mmoja mbele, na kilo 54 nyuma kabisa, njo mwisho wenye kitabu kinaruhusu kwa mizigo. Kisha ruka. Pua inapaswa kuwa nyepesi kuliko mbele. Ongeza mpaka kilo 150, kitu chenye usifanye hata siku moja kwa kweli, na utaona ndege inakuwa ngumu kushika. Kama hakuna tofauti, mutengenezaji aliweka uzito kwa mapambo.

Inchi yetu inajua jambo hili. Tarehe 25/08/2010, Let 410 ilianguka Bandundu ikiwa inakaribia kushuka. Watu 20 walikufa, mmoja akapona. Huyo alisimulia kwamba mamba mudogo, mwenye alifichwa mu mufuko, alitoka, na abiria wakakimbia wote kuelekea mbele. Watu wengi wa inje walicheka juu ya mamba. Kwa piloti, jambo la kusikia ni lingine: mu ndege ndogo, watu kuhama mahali tu kunaweza kuharibu usawa wa ndege yote.

Na Caravan?

Wengi wetu tunajua Caravan kuliko Cessna 172. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1982. Inatumia moteri ya turbine, PT6A ya Pratt & Whitney Canada, yenye kuchoma kerozeni ya ndege. Esansi ya ndege yenye Cessna 172 inahitaji ni ngumu kupatikana kwetu, na hiyo ni sababu moja yenye turbine ilienea.

Nguvu ya moteri hii imewekewa mwisho chini ya uwezo wake. Kwa hiyo inaweza kulinda nguvu ile ile mpaka kwenye urefu fulani, pale moteri ya kawaida imekwisha kuchoka. Usitegemee basi kuona Caravan ikipoteza robo ya nguvu pale Goma. Lakini bawa na pangaboi viko bado kwenye hewa nyepesi, na pisti itahitajika ndefu zaidi vile vile.

Kitu cha kupima kwa Caravan ni kuwasha. Turbine inapowashwa, mafuta yanaingizwa tu kisha moteri kufikia mizunguko fulani. Ukiharakisha, ao kama betri ni zaifu, joto linapanda kupita kipimo na moteri inaungua, hasara ya pesa nyingi sana. Ndege nyingi za kuongeza zinakusamehe: unabonyeza namna yoyote, inawaka. Ile nzuri inakuadibisha. Kuko hata watengenezaji kama A2A Simulations wenye ndege zao zinakumbuka toka safari moja mpaka ingine: ukiitesa moteri leo, kesho utaikuta inauguza.

Mambo yenye ordinatere haiwezi kukupa

Kijana anaweza kujifunza mengi nyumbani: majina ya vyombo, taratibu za kuwasha, kusoma ramani, kuhesabu mafuta na uzito, Kifaransa na Kiingereza cha redio. Akifika kwenye masomo ya kweli, hatakuwa mugeni.

Lakini saa za nyumbani haziingii mu kitabu cha piloti. Kanuni za kimataifa zinaomba kwa kawaida saa zisizopungua 40 za kuruka kwa leseni ya kwanza ya piloti wa kibinafsi, na hapa Congo leseni inatolewa na AAC. Simulatere zenye kuhesabiwa ni zile mashini zenye zimekubaliwa na serikali, pamoja na mwalimu. Mutu akikuambia lipa pesa nikupe "cheti cha piloti" juu ya saa za ordinatere, usilipe.

Pia mwili haujifunzi. Hakuna upepo wa ziwa wenye kukusukuma kwenye kiti, hakuna woga, hakuna abiria mwenye analazimisha muondoke juu mazishi ni leo. Kwenye ordinatere ukikosea unabonyeza kitufe, unaanza tena.

Maulizo ya kujiuliza mbele ya kupakua

1. Nani alitengeneza ndege hii, na anasema alitumia kitabu gani?
2. Mahesabu ya kuruka yamepewa alama ngapi?
3. Ninaweza kubadilisha uzito wa watu, mafuta na mizigo?
4. Kifundo cha mafuta kinafanya kazi kwa kweli?
5. Faili ni mega ngapi, na inaomba intaneti wakati wa kuruka?
6. Nilisha kutafuta kitabu cha ndege ya kweli? Vya Cessna 172 vinapatikana kwenye intaneti kwa urahisi, na ni vyepesi kuliko ndege yenyewe.

Kama koneksyo yako ni kidogo na unapaswa kuchagua kitu kimoja cha kupakua leo, anza na kitabu. Cessna 172P iko tayari ndani ya FlightGear. Chukua daftari, andika namba za Muanda upande mumoja na za Goma upande mwingine, na usiende kwenye ndege ingine mbele ya kuelewa kwa nini hazifanane.